Mabomba ya tangi la samaki: kuyapendezesha bila ya kumlowesha jirani

Mgeni akiingia katika chumba chetu cha kukaa, kitu cha kwanza anachokiona ni tangi la samaki. Lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50, na ndani yake wamo samaki wa Ziwa Tanganyika. Hadi mwaka 2023 kitu cha pili alichokiona mgeni ilikuwa ni mipira. Mipira miwili minene ya rangi ya kijani ilipanda kutoka kabatini, ikajipinda juu ya ukingo wa kioo na kuteremka tena ndani ya maji, ikifuatana na waya wa hita, waya wa taa na kimpira chembamba cha hewa. Jamaa yetu mmoja, mzaliwa wa Kigoma ambaye hapa Uingereza anafanya kazi ya ufundi bomba, alisimama mbele ya tangi hilo siku ya kwanza alipotutembelea, akatazama kwa muda, kisha akamgeukia mama wa nyumba: "Shemeji, mbona samaki wenu wamelazwa?"

Tulicheka sote, lakini neno lilituingia. Kuanzia siku ile kila tukitazama tangi tuliiona wodi ya hospitali. Makala haya yanaeleza jinsi tulivyoyapanga upya mabomba ya filta yetu hadi yakawa hayaonekani, na pia yanaeleza usiku mmoja ambao nusura utufanye tuwagawe samaki wote na kuuza kioo. Tunajua kuwa wasomaji wetu wengi walioko Ulaya na Ghuba wanafuga samaki sebuleni, na wengi wao wanaishi kama sisi, yaani katika fleti ya kupanga, na chini yao anaishi mtu.

Kwanza tuseme kwa nini kwetu jambo hili lilikuwa na uzito. Mtu anayefuga samaki pamoja na majani ya majini hana tabu kubwa, kwa sababu mpira wa kijani hujificha nyuma ya majani. Tangi la Tanganyika halina majani. Ziwa hilo, ambalo limegawanywa baina ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia na lina kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya chini kabisa, lina mwambao wa mawe na mchanga, na maji yake ni maangavu sana. Wengi wetu tunalijua kwa dagaa na migebuka, lakini kwa wafugaji wa dunia nzima ziwa hilo linajulikana kwa samaki wadogo wa jamii ya sikilidi, ndugu wa perege na sato, ambao wako zaidi ya aina 200 na takriban wote hawapatikani kwengine kokote. Ukitaka kuwaweka kama wanavyoishi kwao unapanga mawe, unamwaga mchanga, unaacha maji matupu. Katika maji matupu bomba linaonekana kama mlingoti katikati ya uwanja.

Sisi tunao wa aina mbili. Wa kwanza ni Lamprologus ocellatus, kisamaki kisichozidi kidole, ambacho hukaa ndani ya kombe tupu la konokono na kulipigania kama nyumba ya urithi. Wa pili ni Neolamprologus brichardi, samaki mwenye mapezi marefu, ambaye watoto wake wakubwa hubaki na wazazi na kusaidia kuwalinda wadogo zao. Kwa hivyo tangi letu halikuwa na samaki kadhaa tu waliokusanywa dukani. Lilikuwa na ukoo, wazazi, kaka na dada, na makinda yasiyozidi ukubwa wa punje ya mchele. Hilo tulikumbuke tutakapofika kwenye ule usiku.

Filta yenyewe ni ya nje, ile yenye umbo la ndoo yenye kifuniko kilichobanwa, ambayo huwekwa kabatini chini ya tangi. Kampuni ya Eheim ya Ujerumani ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuziuza filta za namna hii katika miaka ya 1960, na mpaka leo muundo haujabadilika sana. Maji hushuka kwa mpira mmoja, hupita ndani ya sponji na vipande vya udongo wa kuchoma, kisha pampu huyasukuma yarudi juu kwa mpira wa pili. Watu wengi hudhani kuwa pampu ndogo ile inayabeba maji kutoka sakafuni hadi juu ya tangi. Sivyo. Maji yanayoshuka upande mmoja yanayasaidia yanayopanda upande wa pili, kama ndoo mbili za kamba moja ya kisima. Kazi halisi ya pampu ni kushindana na msuguano: wembamba wa bomba, urefu wake, na kila kona. Mtu akilifahamu jambo hili moja, robo tatu ya makosa atayaepuka. Sisi hatukulifahamu.

Kabla ya kusimulia makosa, tutaje jambo moja tulilolifanya vizuri tangu mwanzo, na ambalo tunamshauri kila mtu aanze nalo hata kama hana nia ya kugusa bomba. Tulibandika karatasi nyeusi ya plastiki nyuma ya kioo cha nyuma, kwa nje. Kazi ilichukua dakika 20 na gharama yake haikufika bei ya chakula cha mchana. Kivuli cha mawe kikaongezeka, rangi za samaki zikatokeza, na waya mweusi wa hita ukapotea kabisa. Kama mipira yetu ingekuwa myeusi badala ya kijani, huenda mambo yangeishia hapo na makala haya yasingeandikwa.

Lakini tulitaka zaidi. Tulinunua mabomba membamba ya plastiki angavu, yenye tundu la milimita 12, badala ya mipira ya milimita 16 iliyokuja na filta. Tulidhani kuwa bomba angavu na jembamba halitaonekana. Tuliyakata kwa vipimo, tukayapitisha nyuma ya kabati yakiwa yamenyooka kama rula, na kila kona tukaweka elbo ya nyuzi 90. Elbo zilikuwa nane. Koki mbili za kufungia maji tukaziweka nyuma kabisa ya kabati, upande wa ukutani, ili zisionekane mtu akifungua mlango. Kichwa cha kunyonyea maji tukakishusha hadi sentimita 5 kutoka mchangani, nyuma ya jiwe kubwa. Tulipomaliza, kweli lilipendeza. Tulipiga picha na kuwatumia jamaa.

Dosari ya kwanza ilijitokeza siku hiyo hiyo, ila hatukuitilia maanani. Filta yetu imeandikwa lita 1,000 kwa saa. Hiyo ni namba ya kiwandani, pampu ikiwa tupu. Kwa mipira ya zamani tuliwahi kupima kwa ndoo ya lita 10, ikajaa kwa sekunde 55, yaani kama lita 650 kwa saa. Kwa mabomba mapya ndoo ile ile ilichukua dakika moja na sekunde 35. Hazikufika lita 400. Hesabu yake si ya ajabu. Kutoka milimita 16 hadi 12 kunaonekana ni tofauti ndogo, lakini eneo la tundu hupungua kwa zaidi ya asilimia 40, na kama unataka kupitisha maji yale yale basi msuguano huongezeka kwa takriban mara 4. Juu ya hilo, elbo moja ya kona kali inazuia maji kama vile kipande cha bomba lililonyooka chenye urefu wa mara 30 ya kipenyo chake. Kwa elbo zetu nane tulikuwa tumeongeza karibu mita 3 za bomba ambazo hazionekani. Samaki hawakufa, lakini uchafu ulianza kulala nyuma ya mawe na juu ya maji kukawa na utando kama wa mafuta, dalili ya kuwa uso wa maji hautikisiki na hewa haiingii vizuri.

Dosari ya pili ilisubiri usiku wa tatu.

Kiungo kimoja cha bomba la kushushia maji, ndani ya kabati, tulikigundisha mwisho, saa tano usiku, na kwa kuwahurumia samaki tuliwasha filta baada ya saa mbili tu. Mkebe wa gundi uliandikwa wazi kuwa isubiriwe saa 24. Kiungo kilikaa siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu tuliamshwa na mlango ukigongwa. Ni bibi wa fleti ya chini, mwalimu mstaafu, amevaa koti la kulalia na mkononi ameshika sufuria. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka dari ya jiko lake.

Tulikimbilia kabatini. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kuchomoa umeme. Pampu ilinyamaza, maji hayakunyamaza. Yalikuwa yakishuka yenyewe, kama mafuta yanavyofyonzwa kwa mpira kutoka tangi la gari: yakishaanza kushuka, hayahitaji mashine. Koki zilikuwepo, nzuri kabisa, nyuma ya kabati lililobeba mzigo mzito wa maji, mbali na mawe na kioo. Hakuna aliyeweza kulisogeza. Tukataka kuling'oa bomba la kunyonyea kutoka majini, tukakuta tumeligundisha lote, kipande kwa kipande, hadi chini. Mwishowe tulichukua msumeno wa chuma na kulikata bomba juu ya ukingo wa tangi. Hewa ikaingia, maji yakasimama.

Maji ya tangi yalikuwa yamepungua kwa sentimita 16. Katika tangi la ukubwa huu kila sentimita moja ni karibu lita 5, kwa hivyo lita 77 hivi zilikwenda kwenye zulia letu na dari ya jirani. Na yasingeishia hapo. Kwa kuwa kichwa cha kunyonyea kilikuwa chini kabisa, lau yule bibi angekuwa na usingizi mzito, au angekuwa safarini, tangi lingebaki na kidimbwi cha vidole vitatu juu ya mchanga, na samaki wote wamo humo.

Dari tulilipa sisi kulipaka rangi, na hilo lilikuwa haki. Ofisi inayosimamia nyumba ilituandikia barua ya mistari minne: likitokea tena, tangi litoke. Tulikaa wiki nzima tukijadiliana. Mmoja wetu alitaka turudishe mipira ya kijani na tukubali wodi yetu. Mwengine alisema kuwa hata mipira ile ilikuwa hatari ile ile, ila tu haijatufika, na afadhali samaki wapewe mtu mwenye nyumba ya chini. Tulikwisha anza kuulizia nani atawachukua. Wakati huo wale brichardi walikuwa na makinda mapya, na wakubwa walikuwa wamejipanga mbele ya jiwe wakilinda. Ni nani atakayechukua ukoo mzima bila kuutenganisha?

Ndipo tulipomwita yule jamaa wa Kigoma, safari hii si kama mgeni bali kama fundi. Alilala kifudifudi sakafuni, akachungulia kabati, akatoka na kile kiungo kilichoachia. Hakutucheka. "Ndugu zangu," alisema, "mmeficha mabomba, sawa. Lakini mmeficha na mahali pa kuyafungia. Na huku majini mmegundisha pasipohitaji gundi." Kisha akaomba penseli na karatasi.

Mchoro wake ulianza na kitu ambacho sisi hatukukifikiria kabisa: maji yataishia wapi bomba likikatika? Bomba lolote linaweza kukatika, alisema, liwe la mpira au la plastiki ngumu. Lakini tangi haliwezi kumwaga maji yaliyo chini ya kichwa cha kunyonyea. Kwa hivyo tulikipandisha kichwa hicho hadi matundu yake ya chini yakawa sentimita 10 tu chini ya uso wa maji. Likitokea balaa kubwa kabisa zitatoka lita 48. Bado ni nyingi, lakini samaki watabaki na sentimita 35 na zaidi za maji. Wafugaji wengi watapinga, watasema kichwa kikiwa juu uchafu wa chini hautanyonywa. Ni kweli kwa kiasi fulani, na tutaeleza tulivyofidia. Kati ya uchafu kidogo tunaoufyonza kwa mkono kila wiki tunapobadilisha maji, na kidimbwi cha vidole vitatu, sisi tumekwisha chagua.

Upande wa kurudisha maji, fundi alituonyesha jambo zuri zaidi. Tangi letu lina fremu nyeusi juu, pana kama vidole viwili. Alilaza bomba la mlalo nyuma ya fremu hiyo, lenye matundu madogo yanayotoa maji kuelekea mbele, na matundu yenyewe yako usoni mwa maji. Kwa kuwa liko nyuma ya fremu, halionekani ukiwa umekaa wala ukiwa umesimama. Na kwa kuwa matundu yako juu, pampu ikizimwa na maji yakitaka kurudi nyuma kwa njia hiyo, yakishuka sentimita moja tu matundu huvuta hewa na maji hukatika. Kitu kimoja kinapendeza na kinalinda. Matundu ni 10 ya milimita 5, idadi ambayo haikuchaguliwa ovyo: eneo la matundu 10 kama hayo linakaribia sana eneo la tundu la bomba la milimita 16. Ukitoboa machache, pampu inabanwa. Ukitoboa mengi, yale ya mwisho yanatoa matone tu. Mkondo unaotoka huko unakwenda hadi kioo cha mbele, unateremka, unarudi chini juu ya mchanga na kuuinua uchafu kuelekea kwenye kona ya kunyonyea. Ndiyo fidia tuliyoitaja.

Bomba tulilotumia mara hii ni PVC ngumu ya rangi ya kijivu kilichokoza, ya aina inayostahimili shinikizo, yenye milimita 20 kwa nje na tundu la ndani la kama milimita 16, sawa na mpira wa awali. Mbele ya karatasi nyeusi kijivu hicho hakionekani. Bomba angavu tulilolipenda kwanza lina aibu yake: mwanga unapita, na baada ya mwezi mmoja ndani huota ukungu wa kahawia na kijani ukabaki unaning'inia hapo kama mrija wa chai. Kona kali tuliziacha. Kuvuka ukingo wa tangi tulitumia vipande vya kupinda polepole, na kabatini kona moja tu kwa kila mstari.

Sasa koki. Ziko mbele, ndani ya kabati, kwenye usawa wa mkono, moja kwa kila mstari, za aina ya kugeuza robo duara. Kila koki ina yunioni, yaani kiungo cha kufungua kwa mkono chenye oringi ndani yake, ili filta iweze kutolewa kwenda kusafishwa bila kuligusa bomba lolote lililogundishwa. Kutoka hapo hadi kwenye filta tumebakisha mpira laini, wa sentimita 30, kwa sababu mbili: filta inaweza kuvutwa mbele, na mtikisiko wa pampu hauingii katika mabomba magumu na kuyafanya yavume usiku. Mtu asiziondoe sentimita 30 hizo kwa tamaa ya unadhifu. Mlango wa kabati ukifungwa haionekani koki wala mpira. Ukifunguliwa, vyote viko mbele ya macho, na ndivyo tunavyotaka.

Fundi alisisitiza jambo jengine kuhusu koki: ile ya maji yanayoshuka iwe wazi kabisa wakati wote. Ukitaka kupunguza nguvu ya maji, punguza kwenye mstari wa kurudi. Ukibana upande wa kunyonya, pampu inakosa maji, inavuta mapovu na kupiga kelele.

Na gundi? Ndani ya tangi, chini ya maji, vipande vimechomekwa tu bila gundi. Kiungo kikivuja humo, kinavuja kutoka majini kwenda majini, hakuna hasara, na siku ya kusafisha unavichomoa kwa mkono. Tahadhari ni kwa kiungo cha upande wa kunyonya kilicho juu ya maji, kwenye ukingo. Hicho kikiwa na mwanya hakitoi tone, bali kinavuta hewa, na filta itakohoa siku nzima bila wewe kujua sababu. Vya pale tuligundisha.

Ugundishaji wenyewe ni kazi ya dakika chache inayodai subira ya siku nzima. Unakata bomba kwa unyoofu, unaondoa mabaki kwa kisu, unapitisha msasa mwepesi. Unaunganisha yote makavu kwanza na kuweka alama ya penseli kwenye kila kiungo, maana gundi ikishashika huna nafasi ya kugeuza. Kisha unasafisha kwa dawa yake, unapaka gundi pande zote mbili, unasukuma hadi mwisho na kushikilia kwa nusu dakika. Madirisha yawe wazi. Harufu yake inapanda kichwani. Safari hii tulisubiri saa 24 kamili kwa saa ya ukutani. Halafu tulifunga filta pamoja na mabomba yake ya kabatini ndani ya beseni la kuogea, ndoo kubwa ya maji ikiwa juu ya kiti, tukaiacha izunguke siku nzima nyingine. Tulikuwa tukipita na karatasi laini ya chooni tukigusa kila kiungo, kwa sababu jicho halioni unyevu ambao karatasi inauona. Yunioni moja ililowesha karatasi. Oringi yake ilikuwa imekaa upande. Tuliipaka mafuta ya silikoni, si vaselini ambayo huweza kuharibu baadhi ya mipira, tukaifunga tena, ikakauka.

Hita nayo tuliitoa majini. Zipo hita za kuunganishwa kwenye mstari wa maji, nasi tuliweka moja kwenye mstari wa kurudi, baada ya filta ambako maji yamekwisha chujwa, ikiwa imesimama wima. Tunakiri kuwa imetuongezea viungo viwili ambavyo tungeweza kuishi bila yavyo. Tulijadiliana sana, tukakubali. Kimpira cha hewa kiliondoka bila mjadala, kwa kuwa uso wa maji sasa unatikisika wenyewe.

Tusisahau samaki wakati haya yote yanafanyika. Filta ni zaidi ya chujio la takataka. Ndani ya sponji wamo bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti. Katika tangi la Tanganyika jambo hili ni zito kuliko kwengine, kwa sababu maji ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9. Katika maji ya pH 7 yenye nyuzi joto 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH 9 inazidi theluthi moja. Uchafu ule ule, samaki wale wale, lakini hatari ni nyingine kabisa. Kwa hivyo sponji zote tulizihamishia katika ndoo ya maji ya tangi lenyewe, si ya bomba la jikoni ambayo yana klorini, tukaweka jiwe la hewa ndani ili bakteria wapate pumzi. Siku moja kabla hatukuwalisha samaki. Kuanzia kuzima hadi kuwasha zilipita saa tatu, kwa kuwa kila kitu kilikwisha jaribiwa bafuni. Mtu akiizima filta kwa saa nyingi ikiwa imefungwa, maji yaliyobaki ndani hukosa hewa na kuoza. Asiyarudishe tangini, ayamwage kwanza.

Kabla ya kuunganisha bomba la matundu tulileta tena ile ndoo ya lita 10. Sekunde 52. Yaani mabomba magumu, yaliyofichwa, yanapitisha maji kwa kasi kuliko hata ile mipira ya kijani, ambayo ilikuwa mirefu kuliko ilivyohitajika na imejikunja kabatini.

Wapo watakaouliza juu ya mabomba ya vioo. Ni mazuri mno, na yanahusishwa sana na Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, bingwa wa matangi ya majani. Yeye aliyafanya mabomba kuwa sehemu ya pambo badala ya kuyaficha. Lakini yanataka kusafishwa mara kwa mara ili yabaki kioo, na yanavunjika mkononi mtu akiyasukumia mpira mkavu. Mpira uchovywe kwanza katika maji ya moto ulainike. Wengine hutoboa tangi lenyewe na kupitisha bomba kwa nyuma. Hilo ni safi kuliko yote, ila kioo kilichochomwa kwa ajili ya kuongezewa nguvu hakitobolewi, kinapasuka chote vipande vidogo vidogo, na si kila duka litakuambia kioo chako ni cha aina gani. Kwa wapangaji kama sisi hatukuona sababu ya kujaribu.

Vifaa vyote, pamoja na hita, vilitugharimu chini ya ile rangi ya dari. Chini ya filta tumeweka sinia ya plastiki yenye ukingo, na ndani ya sinia kengele ndogo ya betri inayolia ikiguswa na maji. Nyaya zote za umeme zimeachwa zikining'inia chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likitembea juu ya waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunapita na karatasi ya chooni.

Jamaa wa Kigoma alipokuja tena alikaa kwenye kiti cha mbele ya tangi akanywa chai yake yote. Makinda ya brichardi yamekua, nayo yameanza kulinda wadogo zao. Bibi wa chini naye tulimkaribisha, akauliza maji yanatokea wapi. Tulimfungulia kabati na kumuonyesha koki mbili, akazifunga na kuzifungua mwenyewe mara mbili tatu. Sasa ana ufunguo wetu wa ziada, na tukisafiri yeye ndiye anayewalisha samaki.